Miguu Iliyofutwa

Jamvi la Hokororo lilikuwa la kijani alipoliacha kwenda kuswali Ijumaa. Aliporudi, lilimkataa.

Alikuja kama anavyokuja siku zote, kofia bado kichwani, anatafuna kashata aliyopewa msikitini, akapanda mahali pake. Mwanga ukageuka mwekundu chini ya nyayo zake. Chuma cha kutundikia mikanda kikabana vifungo vyake vyote kwa pamoja, mikanda ikawa haichomoki. Kisha ardhi ikamfinya. Tulimwona akiruka kwa mguu mmoja, na Chogo, muuza makufuli wa upande wa pili wa barabara, akacheka akamwambia ashukuru, mama mkwe leo kamkumbuka.

Mama mkwe ndilo jina tulilovipa vigae vya Kitovu. Vinaona kila kitu, havisemi mengi, na ukikosea adabu unajua. Kwenye Kitovu, yaani katikati yote ya mji, kuanzia Lango la Stesheni hadi mwisho wa Mtaa wa Karafuu, hakuna tena lami. Kuna vigae vyenye nyuzi ndani yake, na nyuzi hizo zinasoma uzito wako, joto lako, na namna kisigino chako kinavyotua. Watu wawili wanaweza kufanana sura, wakafanana hata sauti, lakini hawatui kisigino sawa. Mchuuzi aliyekubaliwa anapewa vigae vyake, upana wa mikono miwili, na hilo ndilo jamvi. Asiye na jamvi akisimama na bidhaa, ardhi inampelekea umeme mdogo kwenye misuli ya mashavu ya miguu. Jiji linauita ukumbusho. Sisi tunauita kibano.

Hokororo alirudi kupanda. Akafinywa tena. Mzee yule wa Kimakua, mwenye maneno mengi kuliko mikanda yake, akawa anatutazama tu kwa zamu, huku anacheza mguu huu na mguu ule kama mtu anayekanyaga majivu ya moto.

Nyamizi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuelewa. Anauza mitandio, jamvi lake limepakana na la Hokororo. Alikuwa amemshikia.

Hapa lazima nieleze kushika, maana waliobuni vigae hawakuuliza. Mtaani kwetu mtu akitaka kwenda kuswali au kumpeleka mtoto kliniki, humwambia jirani neno moja: nishikie. Jirani anaweka mguu mmoja kwake na mguu mmoja kwako. Mteja akija akauliza mwenye meza yuko wapi, jibu ni moja, ndiye mimi. Si uongo. Ukimwambia mwenyewe hayupo, mteja ataondoka, au ataanza kukukandamiza bei kama unauza mali ya kuokota. Aliyeshika ndiye mwenyewe mpaka mwenyewe arudi, na alichouza anakikabidhi chote, hata senti ya chenji. Ijumaa Wakristo wanawashikia Waislamu, Jumapili inageuka. Hatukuandikiana popote. Mama zetu walifanya hivyo na beseni za ndizi, na mama zao kabla yao.

Jamvi huruhusu robo saa tu bila mwenyewe. Robo saa ikipita, huuliza kwa sauti nyororo ya mwanamke aliyeshiba: mmiliki yupo? Miaka yote tulijibu, ndiye mimi, nalo likanyamaza. Tulidhani limetuelewa. Kumbe lilikuwa linasubiri kufundishwa. Wiki ile waliapdeti vigae. Tangazo walilibandika langoni, kwa Kiswahili cha wataalamu ambacho hata aliyekiandika asingekielewa akisomewa na mtu mwingine. Kuanzia wiki ile, anayejibu ndiye mimi amekula kiapo. Jamvi linashika mguu wake na kufuta wa zamani.

Nyamizi alikuwa amejibu mdomo umejaa muhogo wa kuchoma, anamfungia mteja mtandio. Hakugeuza hata kichwa.

*

Mimi nakumbuka. Wenzangu hunicheka kwa hilo, wanasema kichwa changu ni stoo ya mizoga, lakini mtu lazima akumbuke.

Nakumbuka mgambo na rungu zao, nakumbuka karandinga likiondoka na nyanya za watu zikivuja nyuma kama damu. Neno la siku zile lilikuwa usafi. Nakumbuka vitambulisho vya kadi tulivyovilipia kwa foleni, vikafa bila hata kutangaziwa msiba. Neno lilikuwa urasimishaji. Nakumbuka Soko la Matumaini, kule nje ya mji walikotuhamishia, ghorofa nne za vigae vyeupe, ambako hata nzi walikuja siku ya kwanza wakaona hakuna biashara wakarudi mjini. Neno lilikuwa mpangilio. Tukarudi mmoja mmoja kama maji yanavyorudi bondeni, wakatupiga tena, tukarudi tena. Ndipo wakaleta majamvi, na bwana mmoja mwenye suti akapanda jukwaani akasema kuanzia leo mchuuzi ataheshimiwa. Neno lilikuwa heshima. Tulicheza ngoma siku ile mpaka vumbi likatufika magotini. Hilo nalo nalikumbuka.

*

Nyamizi akapata wito wa ofisi. Wito husimamisha jamvi kwa muda, kwa hiyo aliweza kwenda. Nilikwenda naye kwa sababu wito uliruhusu shahidi. Ofisi ya Nafasi ni kibanda cha kioo pale langoni, na ndani yake alikuwamo Afisa Leokadia, msichana mwembamba, mpole, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Alitukaribisha viti. Alimwita Nyamizi dada. Afadhali angetutukana, ningejua pa kushika.

Nyamizi akamweleza yote, kushika, Ijumaa, muhogo. Leokadia alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba mbele ya mashine Hokororo hana kosa lolote, ila hayupo. Mguu wake umefutwa. Ana haki ya kupita Kitovu kama mpita njia, lakini kwa kuwa ardhi inamjua kama mtu aliyewahi kuuza, haitamruhusu kusimama. Wateja wanasimama wapendavyo. Miguu iliyofutwa inatembea. Kuhusu Nyamizi, sasa ana majamvi mawili, na sheria inasema mtu mmoja, jamvi moja. Amepewa mpaka adhuhuri ya Ijumaa inayofuata aje atamke. Akitamka kwamba la Hokororo ni lake, la mitandio litapewa mtu mwingine, basi, yameisha.

Nyamizi akauliza itakuwaje akitamka kwamba alidanganya.

Leokadia alitazama mlango kama anayehakikisha umefungwa.

"Dada, ukikiri, mguu wake unarudi na wako unafutwa. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba mimi lazima niandike sababu. Nikiandika ulikuwa unamshikia jirani, mashine itaitafuta sababu hiyo kila mahali. Vigae havisahau. Ijumaa zote, Jumapili zote, kila mguu uliowahi kukanyaga jamvi la mwenzake tangu siku ya kwanza. Utamrudisha mmoja, utawatoa wote."

"Andika sababu nyingine," nikamwambia.

"Mzee wangu, siandiki mimi. Naisemea mashine tu, nayo inapima hata sauti yangu." Akagusa koo lake. "Nikiongopa inajua kabla yenu."

Tulipotoka nilimwambia Nyamizi kwamba wamebadilisha rungu tu. Zamani walikuwa wanampiga mmoja mbele ya wote ili wote waogope. Siku hizi wanampa mmoja rungu wanamwambia apige mwenyewe. Yeye alikuwa anatazama barabarani, ambako Hokororo alikuwa ameanza kutembea.

*

Alitembea kwa sababu mikanda lazima iuzwe. Nyumbani ana mke, Bi Somoe, aliyepooza upande, na dawa za Bi Somoe haziulizi jamvi ni la nani. Nyamizi alikuwa na mguu unaokubaliwa, kwa hiyo kile chuma kilimfungukia yeye, akamtolea mikanda yake. Hokororo akaivaa mabegani, kiunoni, shingoni, akawa kama mtu aliyeshikwa na nyoka wengi, akaanza kuzunguka: chini kwa Mtaa wa Karafuu, kulia kwenye maduka ya wenye viyoyozi, juu kupitia langoni, akarudi. Mteja aliyetaka mkanda ilibidi atembee naye, apime kiuno akitembea. Wengi walicheka wakaona ni mtindo mpya wa kuuza. Kuna waliompiga picha.

Maongezi yake na Nyamizi yalikuwa ya vipande. Alisema neno akipita, akapotea kwenye kona, akarudi na la pili.

Mzunguko mmoja alisema, "Nimekuwa saa ya mtaa, mwanangu. Nikipita mnajua saa ngapi."

Mzunguko mwingine Nyamizi akamwambia atakwenda kukiri. Hokororo akapita. Tulimngoja. Alipotokea tena alikuwa amekunja uso.

"Usithubutu. Mimi ni mmoja."

"Na mimi ni mmoja, baba. Nimekula chakula chako."

Alikuwa ameshapita. Tuliona mgongo tu, na mikanda ikitikisika. Safari iliyofuata alikuwa anachechemea, akasema bila kumtazama kwamba jamvi alichukue, amuuzie mikanda kwa jina lake, ampe hela akipita, mpaka Mungu afungue. Kwani si ndiko kushika kwenyewe? Kushika kwa muda mrefu kidogo. Akacheka peke yake. Nyamizi hakukubali, akageuza uso akajifanya anakunja mitandio.

Tukawa hivyo. Asubuhi Nyamizi alimpa chupa ya maji akipita, akaipokea kama mkimbiaji, akairudisha mzunguko uliofuata. Chakula alikula akitembea. Kwa haja alitoka nje ya lango, na nje ya lango ndiko alikokaa chini kidogo, kwenye ukingo wa mtaro, akisugua mashavu ya miguu yake. Lakini nje ya lango hakuna mteja, na akikaa sana alikuwa anaona mchana unamkimbia. Akainuka akarudi. Watu wenye viatu vya kukimbilia wanafanya mazoezi kwa kutembea hivyo. Yeye alikuwa na kandambili na miaka sitini.

Jumatano jioni, tulipofunga, tulikutana nje ya lango, mtaa mzima. Nyamizi alisimama mbele yetu akasema hawezi. Alisema kila akisimama pale anahisi amekanyaga mgongo wa mtu. Wengine walilia, wengine wakasema neno la Mungu, lakini Chogo, ambaye ulimi wake umefunga watu wengi kuliko makufuli yake, alisema waziwazi walichokuwa wanawaza wote.

"Hajafa. Anatembea. Mimi nina watoto wanne wamekaa nyumbani wanangoja chakula. Ukitaka kusafisha roho yako, dada, isafishe kwa maji yako."

Nilimjibu kwa ukali. Nilisema leo ni Hokororo, kesho watamfuta mwingine, na tukinyamaza tutaishia wote tunazunguka kama ng'ombe wa kinu cha kukamua mafuta. Chogo akaniuliza nimefanya nini miaka yote hii zaidi ya kukumbuka. Hokororo, aliyekuwa amekaa ukingoni miguu imenyooshwa, alituambia tunyamaze, tunampigia kelele. Akasema mtu akiumwa jino moja hang'oi taya. Watu wakacheka kwa nafuu, kwa sababu ametoa ruhusa. Tukatawanyika. Nyamizi peke yake alibaki, amechuchumaa anamkanda miguu.

*

Hokororo alianguka Alhamisi, jua limekaa utosini, mbele ya duka la simu.

Hakuanguka kwa kishindo. Alipunguza mwendo, akafinywa, akaongeza, akapunguza tena, kisha akapiga magoti kama anayetaka kufunga kiatu, akalala ubavu. Kwa vigae, mtu aliyelala amesimama. Vikaanza kumfinya mwili mzima uliogusa chini, na kila vilipomfinya aliruka kidogo, na kila aliporuka alitua tena, vikamfinya tena. Mikanda ikawa inapigapiga chini. Wateja walirudi nyuma wakafanya duara. Mmoja alimvuta mkono, akarushwa, akauacha.

Tulikuwa juu ya majamvi yetu. Kuna robo saa, mtu anaweza kusema, si mngekimbia mkarudi? Lakini apdeti ile ilikuwa imetutia woga wa kila kitu. Hatukujua tena robo saa ni robo saa ya nani. Kila mmoja alimtazama mwenzake aone nani anainua mguu.

Nyamizi alishuka. Alivua viatu, sijui kwa nini, akakimbia peku, akamkamata kwapani, akamvuta mpaka akamweka mgongoni kama mama anavyombeba mtoto, akamfunga kwa mtandio ili asiteleze. Miguu ya Hokororo ilipoacha kugusa chini, ardhi ikanyamaza. Akaanza kwenda. Hokororo si mtu mwembamba. Alikuwa anayumba, anakwenda, mikanda inaburuta nyuma yake, na nyuma kabisa, robo saa ilipopita, majamvi yote mawili, lake na la mzee, yalikuwa yanauliza kwa ile sauti nyororo, mmiliki yupo, mmiliki yupo, na hakuna aliyejibu.

Alimfikisha langoni. Alimlaza nje ya mstari, kwenye udongo wa kawaida usiojua mtu. Alikuwa ameshakufa. Nadhani alifia mgongoni, mahali fulani kati ya duka la simu na lango, na nadhani Nyamizi alijua, kwa sababu karibu na lango alikuwa ameacha kumsemesha.

Leokadia alitoka ndani ya kibanda. Sauti yake ilikuwa ileile, kwa kuwa ndiyo mali ya ofisi. Alisema mashine imeandika mpita njia mmoja amefariki. Kisha akainama karibu, akasema taratibu kwamba jamvi la mikanda bado liko kwa mguu wa Nyamizi, kwa kuwa muda wake wa kutamka haujaisha.

"Sasa limekuwa jepesi, dada. Aliyekuwa analidai hayupo. Njoo kesho kabla ya adhuhuri utamke neno moja tu, halina madhara kwa yeyote."

Nyamizi alipiga magoti karibu na kichwa cha mzee.

"Nipe maji," akasema. "Nataka kumfuta vumbi usoni."

*

Maziko yalipangwa Ijumaa baada ya swala. Makaburi yako ng'ambo ya reli, kwenda tu ni zaidi ya robo saa mara tatu.

Zamani msiba haukutusumbua. Nusu walikwenda kuzika, nusu walishika meza, na jioni waliobaki walikwenda kutoa pole. Sasa kushika ni kumfuta mtu. Aliyebaki angeulizwa mmiliki yupo, akijibu amemuua mwenzake, asipojibu jamvi limekufa. Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi kuliko zote tulizowahi kupiga: twende wote tupoteze wote, au tusiende. Asubuhi ile minong'ono ilikuwa ya kutuma wawakilishi. Wawili watatu, wasio na familia kubwa. Wapeleke sanda na rambirambi. Marehemu mwenyewe si ndiye aliyesema asisumbuliwe mtu? Nilisikia pendekezo hilo likipita jamvi hadi jamvi, na sikulipinga, nilikuwa nimechoka kupinga.

Nyamizi alikuwa ameshakwenda msibani, kumsaidia Bi Somoe kukaa wima ili wanaompa pole wamwone. Adhuhuri ilikuwa inamkaribia na neno lake hakulitamka kwa Leokadia wala kwa mtu mwingine.

Adhana ilipolia, Chogo alianza kukusanya makufuli yake. Aliyatia kwenye gunia, moja moja, bila haraka. Mmoja wetu akamuuliza anakwenda wapi, kwani si alisema ana watoto wanne.

"Ninao," akasema. "Siku moja watanizika. Nataka wajue inavyofanywa."

Akashuka. Jamvi lake likabaki la kijani kwa muda, kwa robo saa yake, halina mtu. Aliyefuata alikuwa muuza soksi, halafu yule mama wa vyombo vya plastiki, kisha sikuweza tena kuhesabu, maana na mimi nilikuwa nakunja vitu vyangu na macho yangu hayakuwa yanaona vizuri. Hakuna aliyeimba. Hakuna aliyenyanyua bango. Niliwahi kuota siku kama ile miaka mingi, nikitunga hotuba zake kichwani nikiwa kitandani, na ilipofika sikuwa na hata sentensi moja. Wanawake walikwenda nyumbani kwa marehemu. Wanaume tulipokezana jeneza kutoka msikitini hadi ng'ambo ya reli, Waislamu na Wakristo, na kwenye kaburi Chogo ndiye aliyeshuka chini kumpokea.

Nyuma yetu Mtaa wa Karafuu ulikuwa unauliza. Mlinzi wa duka la simu alitusimulia baadaye: majamvi yote kwa pamoja, sauti ileile, mmiliki yupo, kutoka langoni mpaka mwisho, na wateja wamesimama katikati na mifuko yao mitupu hawajui wamjibu nani. Kisha yakawa mekundu. Kisha yakazima.

Jioni Jiji lilitangaza kwamba wachuuzi wa Mtaa wa Karafuu wamegoma, na kwa kugoma wamepoteza nafasi zao, na nafasi hizo zitatolewa kwa wanaoheshimu utaratibu.

Hatukugoma. Tulikwenda kuzika.